Rafiki wa Zamani na Mraibu wa Pombe

Katika kazi yangu ya unasihi hapa Dodoma, marafiki wa mgonjwa huniuliza mara kwa mara kama wanaweza kumwachisha pombe wenyewe nyumbani. Jibu langu ni kwamba mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, hasa yule anayeamka akitetemeka mikono mpaka azimue, asikatishwe ghafla bila kuonwa na daktari. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe huchachamaa unapoikosa: mitetemo na jasho huanza baada ya saa chache, mgonjwa huweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka, ambako kusipotibiwa kunaweza kuua, hutokea zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Hospitalini hupewa dawa kama diazepamu, inayopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Kwa hiyo rafiki aanze kwa kutafuta usafiri. Tunayo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hapa hapa mjini, ingawa utani unaofanywa kwa jina hilo umewachelewesha wengi.

Siku hizo zikipita, mwili hutulia, lakini jioni hubaki tupu. Hapo ndipo ninapomtafuta rafiki aliyemjua mgonjwa kabla ya pombe, yaani waliochunga ng'ombe pamoja au kukaa dawati moja, kwa sababu anamkumbuka mtu ambaye mimi simpati katika faili. Wawili wa namna hiyo walimchukua mwenzao kila saa kumi na moja jioni, saa yake ya kilabuni, wakaenda naye kupogoa mizabibu. Nilicheka, maana zabibu zetu nyingi huishia kuwa mvinyo, lakini mikono yake ilikuwa na kazi, na njia ya kurudi nyumbani haikupita kilabuni. Siku za mnada wa Msalato, ambako nyama choma na pombe huenda pamoja, walikula naye nyama nyumbani.

Huwasimulia pia habari za Bill Wilson wa Marekani, aliyetembelewa mwaka 1934 na Ebby Thacher, rafiki yake wa zamani wa ulevi aliyekuwa ameacha pombe. Mwaka uliofuata, Wilson na daktari Bob Smith wakaanzisha Alcoholics Anonymous, chama cha waraibu wanaosaidiana kuacha pombe. Thacher mwenyewe alirudia pombe mara nyingi. Nawaeleza hivyo ili wasimkatie tamaa mwenzao akiteleza: wasimpe fedha mkononi, wasimfichie mkewe, bali wanipigie simu kesho yake asubuhi, kabla aibu haijamfanya ajifungie ndani.