Kabla hujaamini "profesa mwenye makala 300": jinsi ya kusoma rekodi ya mtafiti wa saratani

Malalamiko yanayofika vitengo vya maadili ya utafiti kama chetu yameongezeka, na mengi yanafanana. Mtu ameona tangazo la tiba ya saratani lenye jina la profesa "mwenye makala 300", ameamini, na sasa anataka tuthibitishe. Tunalielewa ombi hilo. Lakini wingi wa makala hauthibitishi dawa, na tutaendelea kulisema hilo kila tutakapoulizwa.

Kwanza hakikisha ni mtu gani. Majarida mengi huandika ukoo na herufi ya kwanza ya jina, hivyo makala za watu watatu huweza kurundikana kwenye wasifu mmoja. Ndiyo sababu tangu 2012 kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 (ya mwisho yaweza kuwa herufi X) ambayo mtafiti huisajili bure na kubaki nayo hata akihama taasisi. Linganisha orodha ya hapo na ya PubMed, hifadhidata ya makala za tiba. Ya ORCID hujazwa zaidi na mwenyewe, kwa hiyo usiishie hapo.

Kipimo kinachotajwa sana ni h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ni namba kubwa kabisa ambayo mtafiti ana makala za idadi hiyo, kila moja imenukuliwa na wengine angalau mara hizo. Chukua makala 6 zilizonukuliwa mara 40, 22, 9, 5, 4 na 1. Angalau nne kati yake zimefikisha mara 4. Lakini zilizofikisha mara 5 ni nne tu, si tano. Basi h ni 4. Hata ile ya kwanza ikinukuliwa mara 4,000, h inabaki 4. Kipimo hiki hupanda kadiri miaka ya kazi inavyopita, kwa hiyo kumlinganisha mtafiti chipukizi na mkongwe ni kumwonea. Tena mtu yuleyule huwa na h tofauti katika hifadhidata za Google Scholar, Scopus na Web of Science, kwa kuwa Google Scholar huhesabu hata tasnifu na rasimu ambazo hazijahakikiwa. Anayekutajia h bila kutaja hifadhidata na tarehe hajakwambia kitu.

Kunukuliwa nako si kusifiwa. Anayenukuu ili kupinga huongeza hesabu ileile. Makala za takwimu za wagonjwa hunukuliwa kupita kiasi kwa sababu kila mwandishi huzitaja kwenye utangulizi wake; kwa sehemu kubwa ndivyo CA: A Cancer Journal for Clinicians, jarida linalochapisha takwimu za saratani za Marekani kila mwaka, lilivyopata kigezo cha athari kinachozidi 200. Kigezo hicho ni wastani wa jarida, unaotokana na makala za miaka miwili iliyotangulia. Hakisemi lolote kuhusu makala moja, na azimio la San Francisco kuhusu kupima utafiti, DORA, linashauri kisitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja.

Angalia pia jina limekaa wapi. Katika utafiti wa tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Aliye wa kumi na nne kati ya ishirini huenda alichangia sampuli tu.

Hatua ambayo wengi huiruka ni kuangalia kama makala imefutwa, yaani jarida limetangaza kuwa haipaswi kutegemewa tena. Fungua ukurasa wa jarida kwa DOI, namba ya kudumu ya kila makala, kisha PubMed, kisha hifadhidata ya makala zilizofutwa ya Retraction Watch, ambayo tangu 2023 iko wazi kupitia Crossref, shirika linalosajili DOI. Masahihisho, tahadhari ya mhariri na kufutwa ni mambo matatu tofauti. Na si kila kilichofutwa ni udanganyifu. Wapo waliogundua kosa lao wakaomba wenyewe kufuta.

Uzito wa jambo hili ulionekana Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Makala ya 2006 ilidai kubashiri kwa jeni ni dawa gani ya kemotherapia itamfaa mgonjwa. Wanatakwimu Keith Baggerly na Kevin Coombes wa kituo cha saratani cha MD Anderson walipopitia data walikuta orodha za jeni zimesogea mstari mmoja, na lebo za "inasikia dawa" na "sugu" zimebadilishana. Majaribio yalikuwa yameshaanza kwa wagonjwa. Makala hiyo ilifutwa 2011.

Ukiona kasoro, andika DOI, namba ya picha au jedwali, na kilicho na shaka, bila kumtuhumu mtu. Peleka kwa mhariri wa jarida na kwa taasisi ya mtafiti. Taasisi hufanya tathmini ya awali, kisha uchunguzi kamili ikibidi. Marekani, makosa yanayohesabika ni kutunga data, kuipotosha na kuiba kazi ya mwingine. Kosa la bahati mbaya halimo. Anayepatikana na hatia huweza kuzuiwa kupata fedha za serikali kwa miaka kadhaa, na taasisi yenyewe huweza kumfukuza kazi. Tafadhali usisambaze jina la mtu mitandaoni kabla uchunguzi haujaisha: unaharibu ushahidi na unaweza kushtakiwa.

Kwa tangazo la tiba, omba namba ya usajili wa jaribio. Ya ClinicalTrials.gov, daftari la Marekani la majaribio ya tiba, huanza na NCT ikifuatiwa na tarakimu 8. Ukiifungua, soma awamu, idadi ya washiriki na kama matokeo yamewekwa. Ukiambiwa tiba "imethibitishwa" na ukakuta utafiti wote ulikuwa kwenye seli za maabara au panya, mpelekee daktari wako wa saratani makala hiyo kabla ya kuacha dozi yoyote unayotumia.