Sina Bima, Je, Nisubiri? Maswali na Majibu Kuhusu Bima ya Afya, Foleni na Kuchelewa Kufika Hospitali

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mjadala wa nani alipie matibabu umefika hadi kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku na kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje hapa Tabora. Wapo wanaotaka mfuko mmoja wa Serikali kwa nchi nzima, wapo wanaohofia foleni, na wapo wanaosema kila mtu ajitegemee. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto na ninafurahi kuusikia mjadala huo, lakini kila wiki ninampokea mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani kwa sababu familia yake ilikuwa ikisubiri pesa au kadi. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya familia hizo.

Bima ya afya ni nini hasa?

Ni utaratibu wa watu wengi kuchangia kiasi kidogo kabla ya kuugua, ili atakayeugua miongoni mwao alipiwe kutoka katika michango hiyo. Bima si akiba yako binafsi, na si mkopo.

Mfuko mmoja kwa nchi nzima una maana gani, na ni nchi zipi zinaufuata?

Maana yake ni kwamba mlipaji wa matibabu ni mmoja, yaani Serikali au mfuko wa umma, badala ya kampuni nyingi za bima zinazoshindana. Nchini Canada mpango huo ulianza katika jimbo la Saskatchewan mwaka 1962 na baadaye ukaenea nchi nzima, kila jimbo likiendesha mpango wake chini ya masharti ya kitaifa. Taiwan iliunganisha mifuko yake kuwa mmoja mwaka 1995. Uingereza ilikwenda mbali zaidi tangu mwaka 1948, kwa kuwa huko kodi ndiyo inayolipia matibabu, na sehemu kubwa ya hospitali ni za umma. Marekani ilichukua njia nyingine: tangu 1965 Serikali huwalipia wazee na maskini kupitia mipango miwili tofauti, wengi wa waliobaki hupata bima kupitia waajiri wao, na hata baada ya sheria ya mwaka 2010 iliyopunguza idadi ya wasio na bima, watu wapatao milioni 26 walikuwa bado hawana bima mwaka 2023.

Sisi tumepita njia kadhaa kwa awamu. Baada ya Azimio la Arusha matibabu katika vituo vya umma yalikuwa bure. Kuanzia mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ukafanyiwa majaribio ya kwanza hapa hapa mkoani kwetu, wilayani Igunga. Na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ukaanza kazi mwaka 2001 ukiwahudumia kwanza watumishi wa Serikali. Sheria ya 2023 haikuchagua mlipaji mmoja, kwani inaruhusu skimu za umma na za binafsi, ila inakusudia kila mkazi awe na bima.

Je, ni kweli kwamba mfuko mmoja huleta foleni ndefu?

Ni kweli kwa sehemu, na anayetetea mfuko mmoja hana sababu ya kulificha jambo hilo. Mwaka 2023 orodha ya wanaosubiri matibabu ya hospitali katika England ilizidi milioni 7. Lakini lazima tuulize wanasubiri nini. Orodha hiyo ni ya matibabu yanayopangiwa tarehe, kama vile kubadilishwa nyonga au goti na kuondolewa mtoto wa jicho. Ajali na mshtuko wa moyo haviandikwi humo, ingawa vitengo vya dharura vya huko navyo vimekuwa vikielemewa na wagonjwa.

Marekani ina sheria ya mwaka 1986 inayovitaka vitengo vya dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa bila kujali uwezo wake wa kulipa. Hata hivyo ankara humfuata nyumbani baadaye, na kwa kuiogopa ankara hiyo wapo wanaokaa na maumivu mpaka yanapowashinda. Mtu wa namna hiyo hayumo katika orodha yoyote ya wanaosubiri, kwa sababu hakuna ofisi iliyomwandika. Hapa kwetu hali ni hiyo hiyo, tena kwa ukubwa zaidi: subira inayoua watoto katika wodi yangu hutokea nyumbani, kabla mtoto hajafika getini, na hakuna anayeihesabu.

Sina bima na sina pesa. Je, nisubiri nipate kimojawapo kwanza?

Hapana. Usisubiri.

Ninaomba jibu hili lisomwe mara mbili. Ikiwa mtoto ameshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida au viganja vyake vimekuwa vyeupe, aondoke nyumbani saa hiyo hiyo. Malaria kali inaweza kumwua mtoto ndani ya siku moja au mbili tangu homa ianze, na hakuna mfuko wa bima, uwe mmoja au kumi, unaoweza kuzirudisha saa hizo.

Jambo tunaloliona ni hili. Mama anafika jioni na mtoto mgongoni. Tunapomfungua mtoto, shingo haina nguvu, kiganja chake tukikiweka kando ya cha mama kinaonekana hakina damu, na kwenye kona ya kanga kuna vidonge vitatu vya mseto, dawa ya malaria, vilivyobaki kutoka kwa ugonjwa wa mtoto mwingine. Tukimwuliza homa ilianza lini, anasema Jumamosi, na siku hiyo ni Jumatano. Baba alikuwa akitafuta pesa. Mtoto huyo ana umri wa miaka miwili na kwa sera ya nchi hakutakiwa kulipia matibabu katika kituo cha umma. Siku nne zimepotea kwa kutafuta fedha ambayo haikuwa sharti la yeye kupokelewa.

Lakini nikienda bila pesa nitarudishwa.

Hofu hii ina chanzo chake, na sitamwambia mtu kwamba ameiota. Yapo maeneo ambako mgonjwa amejibiwa vibaya dirishani. Yapo pia maeneo ambako huduma ni bure lakini dawa zimeisha, na ndugu wanaambiwa wakanunue nje. Hayo ni makosa ya mfumo na yanapaswa kusemwa kwa sauti.

Pamoja na hayo, fahamu haki yako kabla ya kukata tamaa. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa gharama katika vituo vya umma. Matibabu ya kifua kikuu, ukoma na virusi vya UKIMWI hayalipiwi. Asiye na uwezo kabisa anapaswa kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni pamoja na kupitisha misamaha, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa husaidia. Mgonjwa wa dharura huhudumiwa kwanza, na masuala ya malipo hufuata. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga wenye dharura, piga namba 115 ya m-mama, ambayo haitozwi, ili upangiwe usafiri.

Ukijibiwa vibaya dirishani, usigeuze kurudi nyumbani na mgonjwa. Mwombe muuguzi wa zamu, kisha mganga mfawidhi. Gharama ya kulumbana na sisi ni ndogo kuliko gharama ya kurudi kesho.

Mtoto ana homa, na tumempa dawa ya dukani. Je, tusubiri tuone kama itafanya kazi?

Hapana, msisubiri. Homa ya mtoto inatakiwa ipimwe ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika chache na kinapatikana hata zahanati. Dawa ya kutuliza homa humfanya mtoto aonekane amepona kwa muda huku ugonjwa ukiendelea, na nusu dozi iliyobaki kabatini humdanganya kila mtu nyumbani. Na degedege si jambo la kupelekwa kwa mganga wa kienyeji kwanza. Nimelisema hili kwa upole kwa miaka mingi. Sasa ninalisema bila upole. Degedege ni dharura ya hospitali.

Kwa nini nisikate bima siku nitakapougua?

Kwa sababu siku hiyo si bima tena. Unawaomba wenzako wakulipie deni ambalo tayari unalo. Ikiwa wanaojiunga ni wagonjwa tu, kinachoingia katika mfuko ni kidogo na kinachotoka ni kikubwa, na mfuko hauna budi kupandisha michango, kupunguza huduma au kufunga mlango. Toto Afya Kadi, yaani kadi ya bima ya NHIF kwa watoto, ilifikia hapo: mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa na watoto wakaelekezwa kuandikishwa kupitia shule, sababu iliyotolewa ikiwa kwamba wengi walioletwa kujiunga walikuwa tayari wagonjwa. Waliolalamika zaidi walikuwa wazazi wa watoto wenye maradhi ya kudumu, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini mfuko usio na watoto wazima hauwezi kuwabeba wagonjwa.

Hapa ndipo hoja ya mfuko mmoja wa lazima inapopata nguvu, na kwa maoni yangu ndiyo hoja yake bora kuliko zote. Majaribio ya Igunga yalikuwa ya hiari, na CHF iliyofuata nchini ilibaki ya hiari, na kwa miaka yote tatizo limekuwa lile lile: mwenye afya hukaa pembeni. Kila nchi iliyofanikiwa kuwafikia karibu wote ilitumia kodi au ulazima wa aina fulani. Rwanda, jirani yetu, iliifanya bima kuwa wajibu wa kila mkazi na Serikali ikawalipia maskini kabisa.

Ninayoyaona mimi ni mwanamume anayesimama kwenye dirisha la bima akiwa ameshika karatasi ya upasuaji wa mkewe, ameleta picha nne za pasipoti na fedha mkononi, akiomba kadi itakayofanya kazi mchana huo. Nimewaona wengi wa aina yake. Ngiri ya mkewe walikuwa wanaijua tangu mwaka uliopita.

Nililipa mwaka jana na sikuugua. Je, pesa yangu imepotea?

Haikupotea. Ilimtibu mwingine, na wewe ulikaa mwaka mzima ukiwa na pa kushika.

Kipato changu ni cha msimu. Nitalipaje?

Lipa wakati wa masoko ya tumbaku au unapouza mpunga au asali, kabla fedha haijaingia kwenye pikipiki na sherehe. Kiwango kilichozoeleka cha CHF iliyoboreshwa kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Ulizia kiwango na utaratibu wa sasa kwa mwandikishaji au kwenye zahanati yako kabla ya kulipa, kwa kuwa sheria mpya inabadilisha mambo. Ninajua kaya zinazotumia zaidi ya hicho kwa dawa za kununua ovyo dukani katika msimu mmoja wa mvua, na bado zinasema bima ni ghali.

Nina bima, lakini ninakaa foleni kuliko anayelipa taslimu.

Kama ni kweli, ni kosa. Lalamika kwa mganga mfawidhi au kwenye dawati la bima, ukitaja siku na saa. Lakini chunguza pia kama ulianzia mahali panapostahili. Anayepita zahanati yake na kuja moja kwa moja hospitali ya mkoa, Kitete, kwa mafua na maumivu ya mgongo, bila rufaa, huirefusha foleni anayoilalamikia, na mwenye bima anaweza kukataliwa kwa kukosa rufaa. Vilevile, mgonjwa aliyezidiwa atapita mbele yako hata kama amefika nyuma yako. Huo si upendeleo.

Je, tusubiri bima ya wote ienee kikamilifu ndipo tuanze kwenda hospitali mapema?

Hapana. Kwa mara nyingine tena, msisubiri. Sheria imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na ninautamani ufanye kazi katika kila kijiji cha Uyui, Sikonge na Kaliua. Lakini kuenea kwa mpango wa taifa huchukua miaka, na mtoto mwenye malaria ana saa.

Mgonjwa yuko nyumbani sasa hivi. Nianze na nini?

Anza kuondoka naye. Chukua kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na pakiti za dawa zote alizokwishapewa ili tujue alichomeza. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa njiani. Mwanafamilia mmoja abaki kutafuta fedha na kutufuata baadaye. Asiondoke na mgonjwa kwenda kuitafuta. Kama ni usiku, zahanati imefungwa na mtoto ana dalili mojawapo ya hatari nilizozitaja, mwamsheni mhudumu wa zahanati anayeishi jirani au pandeni bodaboda hadi kituo cha afya kinachofanya kazi saa 24. Pikipiki inaweza kulipwa kesho.