Taya likipumzika, misuli yake inafanya nini?

Funga mdomo bila kubana, usitafune wala usiongee. Meno ya juu na ya chini yanagusana? Taya likiwa limepumzika hayatakiwi kugusana. Huachana kwa milimita 2 hadi 4 hivi. Hata hivyo misuli haijalala. Taya la chini lingening'inia kwa uzito wake, kwa hiyo misuli ya kwenye panja na ya mashavuni hulishikilia kwa nguvu ndogo sana. Nguvu hiyo ndiyo utendaji wa misuli ya taya wakati wa mapumziko. Hupimwa kwa kubandika elektrodi kwenye ngozi na kusoma umeme wa misuli, ambao taya likitulia huwa ni mikrovolti chache tu.

Huku kwetu nyanda za juu jaribu hivi: alfajiri ya Julai, ukiwa nyuma ya bodaboda kutoka Uyole kwenda mjini Mbeya, weka vidole shavuni, juu kidogo ya pembe ya taya. Utakuta msuli umekuwa mgumu na meno yameumana kwa baridi. Taya la namna hiyo halijapumzika, hata kama hujatamka neno.

Sasa, kwa wenye matatizo ya kiungo cha taya, kile kilicho mbele ya sikio, tafiti kadhaa zimekuta umeme huo wa mapumziko uko juu kuliko wa watu wasio na tatizo hilo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba maumivu hukaza misuli, na misuli iliyokaza huzidisha maumivu. Mwaka 1991 mtafiti James Lund na wenzake walilipinga wazo hilo: kwao, maumivu huufanya msuli upunguze nguvu unapofanya kazi, ili kulinda sehemu iliyoumia.

Mimi nasisitiza jambo moja. Vipimo vya wagonjwa na vya wasio wagonjwa huingiliana mno, na hubadilika kwa mkao wa shingo, wasiwasi, hata mahali elektrodi ilipobandikwa. Kwa hiyo asikutishe mtu kwa namba ya mashine peke yake. Daktari wa meno anayelijua tatizo hili atakuuliza maumivu yalianzaje, atabonyeza misuli, atapima mdomo unafunguka kiasi gani na kusikiliza kama kiungo kinalia. Kwa kuwa kiungo hicho kiko jirani na sikio, wengi hutibiwa sikio miezi mingi, na sikio lenyewe ni zima. Kama maumivu ya sikio lako huongezeka ukitafuna mahindi ya kuchoma au ukipiga miayo, mwambie daktari hivyo hivyo.