Mbuga si hifadhi

Mbuga ni uwanda mpana wa nyasi, wenye miti michache au usio na mti hata mmoja. Lango, tiketi na askari wa wanyamapori ni mambo ya hifadhi, na inasikitisha jinsi maneno haya mawili yanavyozidi kuchanganywa.

Kosa limeingia kwa kufupisha. Watu walisema "mbuga ya wanyama", yaani uwanda wenye wanyama. Uwanda ukatengwa kisheria, jina likabaki, kisha "ya wanyama" ikadondoka. Leo hata msitu wa mlimani huitwa mbuga, mradi una lango. Maana inayohusu ardhi yenyewe ingali hai Tanzania: Usukumani, mbuga ni bonde tambarare la udongo mweusi mzito, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Wataalamu wa udongo nao wamelichukua neno hivyo hivyo. "Hifadhi" lina mzizi wa Kiarabu, ule ule wa kuhifadhi Kurani: kutunza kitu kisipotee. Mbuga inaeleza ardhi ilivyo. Hifadhi inaeleza watu wameamua nini juu yake.

Tofauti hii inagusa uhai wa Macronyx sharpei, ndege mdogo mwenye kifua cha manjano na ukucha mrefu wa nyuma. Hapatikani kokote duniani ila Kenya, na yumo katika orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Ngome yake ni uwanda wa Kinangop, Nyandarua: mbuga halisi, lakini karibu yote ni mashamba ya watu binafsi. Anahitaji nyasi fupi zenye mashungi magumu, yaani mafungu ya nyasi yaliyoshikamana, maana kiota hukificha chini, shinani mwa shungi. Ng'ombe wachache humfaa, kwa kuwa huzuia nyasi zisirefuke. Lakini plau ikipita mara moja kwa ajili ya viazi au kabichi, mashungi yamekwisha. Mikaratusi ikipandwa, huhama. Ukame ukizidi, mifugo hubanana kwenye vipande vilivyobaki na kutafuna mpaka mashungi yenyewe. Joto nalo likimsukuma apande juu, upande wa mashariki atakutana na msitu wa Aberdare, asikoweza kuishi.

Kwa hiyo kusema ndege huyu "anaishi mbugani" ni sahihi kabisa. Ila msomaji akielewa kwamba analindwa, tumempotosha. "Hifadhi" tuliweke kwa vile vipande vichache vya Kinangop ambavyo shirika la uhifadhi la Nature Kenya lilivinunua ili visilimwe.