Kiu Haiishi, Unashushia Soda, Unameza Dawa ya UTI: Maswali ya Sukari Ninayoulizwa Kila Siku

Mengi ya maswali haya naulizwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje hapa Dar, mengine njiani nikiwa narudi home na sare. Nayajibu kwa pamoja, na kuna jibu moja nitalirudia rudia, mnivumilie tu.

Dokta, mkisema tupunguze sukari mnamaanisha hadi ya kwenye ndizi na embe?

Hapana, tunda zima kula. Tunayoisema ni ile unayotia mwenyewe, ile inayotiwa kiwandani, na ya kwenye asali na juisi, hata juisi uliyokamua kwa mikono yako. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema sukari hiyo iwe chini ya asilimia 10 ya nguvu yote unayopata kwenye chakula kwa siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo 10 ni kama gramu 50, sawa na vijiko 12 vya chai, na hiyo 5 ni vijiko 6, na hapo naongelea kijiko bapa sio kile mnachoninyanyulia kama Kilimanjaro. Sasa soda ya nusu lita nyingi zina gramu 50 na kitu, yaani chupa moja ushamaliza siku nzima, na bado hujagusa chai wala maandazi.

Mi natumia asali tu, na juisi ya miwa, si ni vitu vya asili?

Hata sumu ya nyoka ni ya asili. Asali karibu asilimia 80 ni sukari, na glasi ya juisi ya miwa kwa utamu haipishani na soda. Ukipenda muwa, tafuna muwa, utachoka taya kabla hujazidisha.

Nikikosa kitu kitamu kichwa kinaniuma, nakosa raha, nakuwa mkali hata kwa watoto. Naachaje?

Kwanza niambie umekula nini leo. Wengi nikiwauliza jibu ni moja: asubuhi chai ya rangi na andazi, halafu kazi mpaka saa nane, tisa, hapo kitu kikubwa tumboni hamna, ikifika saa kumi unaona mwili wote unadai soda ya baridi. Hiyo ni njaa, ndugu yangu. Kula asubuhi kitu kinachokaa: yai, maharage ya jana, karanga, kiazi au muhogo wa kuchemsha, na saa saba ule chakula chenye mboga na maharage au dagaa, utashangaa hamu ya saa kumi imepungua yenyewe.

Kichwa kuuma nako kuna sababu nyingine, kama unakunywa hizi soda nyeusi na vinywaji vya kuongeza nguvu kila siku, vina kafeini, ukikata ghafla kichwa kinaweza kugonga siku kadhaa. Kinapita. Punguza kidogo kidogo, kunywa maji, usirudi kwenye kopo.

Chai ndo shughuli. Nyumba nyingi za kwetu sukari inamiminwa ndani ya chupa ya chai kabisa alfajiri, mama anakadiria kwa kikombe, baba, bibi mwenye presha na mtoto wa miaka mitatu wote wanakunywa kipimo kimoja, hakuna mwenye uchaguzi. Acheni hiyo. Chai iende mezani haina sukari, kila mtu atie kwenye kikombe chake, ndo utajua unatia ngapi. Kama ni vitatu, shuka nusu kijiko, kaa nacho wiki, shuka tena, ulimi unazoea baada ya wiki chache hadi ile chai ya zamani unaiona kama shira. Tia tangawizi, iliki, mdalasini, mchaichai, vinasaidia sana. Na soda usiweke kreti nyumbani kisha useme unapambana na hamu, utapambana na friji yako mwenyewe usiku kucha.

Vile vidonge vitamu visivyo na sukari je?

Kama lengo ni kupungua uzito, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri tusivitegemee. Mwenye kisukari tayari aongee na kliniki yake. Ila ulimi unabaki unataka tamu ileile, kwa hiyo mi napendelea uzoeshe ulimi.

Nasikia kiu sana siku hizi, nakojoa usiku mara nne tano, nguo zinapwaya. Nikinywa soda baridi napata nafuu kidogo. Hii si UTI, yale maambukizi ya njia ya mkojo?

Hapa ndo nilipotaka tufike. PIMA SUKARI. Leo, sio Jumatatu.

Kisukari ni sukari kujaa kwenye damu kwa sababu homoni ya insulini haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Ikizidi, figo zinaimwaga kwenye mkojo, na ikitoka inavuta maji, ndo maana unakojoa sana, ndo maana una kiu. Mwili ukishindwa kuitumia sukari unaanza kujila mafuta na nyama zake, ndo maana unakonda huku unakula. Sasa wewe kiu hiyo unaizima kwa soda! Unaongeza sukari juu ya sukari, unakojoa zaidi, kiu inazidi, unanunua nyingine. Halafu unapita duka la dawa unasema tu "nakojoa kojoa", unapewa dozi ya UTI, unameza siku tano, unarudia.

Juzi juzi ameletwa kijana kwa bodaboda, wenzake wawili wamemshika huku na huku, mkanda wa suruali ametoboa tundu jipya kwa msumari, mfuko wa shati una karatasi ya dawa za UTI iliyobaki vidonge viwili, na mmoja wa wale wenzake ameshika soda ya nusu lita imebaki chini, anasema "tulimpa apate nguvu". Anapumua haraka na kwa kina, pumzi ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, ukimwita anaitika kwa mbali. Nimemchoma kidole, mashine haikuandika namba, imeandika HI, maana yake sukari imepita kipimo chake cha mwisho. Tukamtundikia maji tukaita gari la wagonjwa. Kiu ilikuwa na wiki tatu. WIKI TATU, na kipimo ni tone la damu na dakika moja.

Kiu isiyoisha na mkojo mwingi: sio soda, sio dawa ya UTI ya kukisia, PIMA SUKARI. Ukifikia kutapika, tumbo kuuma, kuhema hivyo au kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi, nenda hospitali saa hiyohiyo, na anayempeleka mgonjwa, njiani kama ana akili zake mpe maji tu.

Lakini nilipima mkojo wakaniambia UTI ipo kweli.

Inawezekana ipo. Sukari ikiwa juu maambukizi yanakupata kirahisi, kwa hiyo kuwa na UTI hakufuti kisukari. Dada zangu mnaorudi na fangasi kila mwezi, mnabadilishiwa dawa za kupaka hadi mmechoka, nyie pia. Pimeni sukari.

Mi sipendi vitu vitamu kabisa, kisukari kitanipata vipi?

Kinakupata. Uzito, kutotembea, umri na ukoo vinachangia, sio kijiko peke yake. Una kiu na mkojo mwingi? Pima.

Mtoto wangu wa miaka saba alishaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena, na amekonda.

Usimchape, na usianze kutafuta nani kamroga. Mpeleke akapimwe sukari leo hiihii. Watoto wanapata kisukari bila kula pipi hata moja, na kwao mambo yanaharibika kwa siku chache. Wengine wanaletwa wametibiwa malaria mara mbili bila kipimo. Inauma sana kuona.

Nina kisukari, natumia dawa, nimeamua kuacha sukari na kupunguza ugali sana. Niendelee na dozi ileile?

Rudi kliniki uwaambie kabla, hasa kama unachoma insulini au unameza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), maana chakula kikipungua na dawa ikabaki vilevile sukari inaweza kushuka mno. Ukianza kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, kizunguzungu, hapo sukari ni dawa: vijiko vinne vya chai kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, upime tena kama una mashine, kisha ule chakula. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize. Na dozi usiiache mwenyewe eti sukari imekaa sawa, imekaa sawa kwa sababu ya hiyo dawa.

Nikipima, namba gani ni mbaya?

Kabla hujala kitu, usiku kucha ukiwa na njaa, 7.0 na kuendelea (kwa mashine inayosoma mmol/L) ni ya kisukari, 6.1 hadi 6.9 ni ya onyo, hapo ndo chai na soda zinabidi zibadilike haraka. Muda wowote, hata kama umetoka kula, 11.1 na kuendelea huku una ile kiu na mkojo, ni kisukari. Kama huna dalili yoyote na namba imetoka juu, kipimo kinarudiwa siku nyingine. Mashine zipo zahanati nyingi na maduka mengi ya dawa, na Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, sehemu nyingi wanapima bure. Ila wewe uliyesoma hapa ukiwa na chupa ya maji ya tatu mkononi na ushaenda chooni mara mbili, usingoje Novemba.