Kwa nini maji ya bamvua Mombasa hupwa saa nne asubuhi?

Wanaotafuta pweza kwenye miamba ya Nyali hawahitaji jedwali lolote. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, wanajua kwamba bamvua limefika, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, na kwamba yatakuwa chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mwezi ujao ni vivyo hivyo. Mwakani ni vivyo hivyo. Hata anayevuka Likoni huona: saa hizo magari yanashuka mteremko mkali kuingia feri, kwa kuwa kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna tofauti ya mita 3 na zaidi.

Lakini watu haohao watakwambia pia kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Leo yakijaa saa kumi jioni, kesho yatajaa saa kumi na moja kasoro hivi. Sasa kitu kinachochelewa kila siku kinawezaje kurudi saa ileile kila bamvua?

Kuchelewa kwenyewe ni rahisi. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini mwa ikweta, inabebwa kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Baada ya saa 24 mji umerudi palepale mbele ya jua. Mwezi hauko tena pale ulipokuwa. Nao unaizunguka Dunia kuelekea mashariki, na kwa siku moja umeshasogea nyuzi 12 na kidogo. Dunia hutumia dakika 4 kugeuka uzi mmoja, basi piga hesabu: inabidi igeuke dakika 50 zaidi ndipo iukute. Toka nje saa mbili usiku leo na kesho, utaona kabisa kwamba mwezi umerudi nyuma upande wa bahari.

Kinachowasumbua wengi ni kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku na mwezi ni mmoja. Mvuto wa mwezi hupungua kadiri ya umbali. Bahari iliyo upande wa mwezi huvutwa kuliko kitovu cha Dunia, na kitovu huvutwa kuliko bahari ya upande wa pili. Kwa hiyo maji ya mbele yanatangulia, na ya nyuma yanaachwa. Pande zote mbili hujaa.

Ili hilo likae sawa, acha ile picha ya Dunia iliyosimama kama nguzo huku mwezi ukiizunguka. Fikiria baba aliyeshikana mikono na mwanawe mdogo wakizunguka uwanjani: mtoto anakimbia duara kubwa, lakini baba naye anayumba akichora kiduara chake. Dunia na mwezi huzunguka hivyo, na kituo chao kiko ndani ya Dunia yenyewe, karibu kilomita 1,700 chini ya ardhi. Kwa hiyo Dunia nzima inavutwa na kuyumba kila mwezi, wakati huohuo ikilizunguka jua kwa kilomita 30 kila sekunde. Sisi hatuhisi lolote.

Tukirudi kwenye saa nne, jibu liko kwa jua. Jua nalo huvuta bahari. Ni kubwa kupita kiasi, ila liko umbali wa kilomita milioni 150, na mwezi uko kilomita 384,400 tu, ndiyo maana nguvu ya jua juu ya maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Bamvua hutokea viwili hivi vinapovuta kwenye mstari mmoja: mwezi unapopotea kabla ya kuandama, na unapokuwa mpevu. Siku hizo mwezi hupita juu yetu adhuhuri pamoja na jua, au usiku wa manane likiwa upande wa pili. Saa zetu tunazipima kwa jua. Kwa hiyo maji makubwa yamefungwa kwenye saa za jua, yapende yasipende. Zile dakika 50 hazijapotea: kwa nusu mwezi zinajumlika kuwa saa 12, maji ya alfajiri yamesogea yakawa ya jioni, na bamvua jingine limeingia kwa saa zilezile.

Mbona basi yasijae saa sita kamili, mwezi ukiwa utosini? Kwa sababu bahari si karai. Maji husafiri kama wimbi refu mno, yakizuiwa na mabara na kina cha bahari, na kila pwani ina ucheleweshaji wake. Hapa kwetu yanachelewa saa nne na ushei, na bamvua lenyewe huwa kali siku moja au mbili baada ya mwezi kujipanga na jua. Bandari nyingine ina saa zake.

Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi vinavuta pande tofauti, tunapata maji mafu, yaani yasiyojaa sana wala kupwa sana, na saa zinapinduka: asubuhi ya saa nne au tano ndiyo ya kujaa.

Kwa hiyo kalenda ya mwandamo ni jedwali la maji, na hili sioni likisemwa vya kutosha. Idd-ul-Fitr ni Mfungo Mosi (Shawwal) tarehe 1, kwa hiyo daima huangukia bamvua. Watoto watakaokwenda kuogelea jioni ya sikukuu watayakuta maji yamejaa karibu na saa kumi na moja. Idd-ul-Hajj iko Mfungo Tatu (Dhul-Hijja) tarehe 10, mwezi ukiwa umepita nusu tu. Siku hiyo maji ni madogo bado, hujaa karibu na adhuhuri na kupwa kuelekea magharibi, iwe ni mwaka gani. Na ikiwa wengine wameuona mwezi usiku mmoja kabla ya wengine, waongeze au wapunguze dakika 50.