Kozi ya urembo na ususi: miezi mitatu inatosha nini?

Nywele ya kichwani hukua kama sentimita moja na robo kwa mwezi. Naanza na namba hiyo kwa sababu kila tunapopokea wanafunzi wapya swali ni lile lile, kwenye simu na mlangoni: "Mwalimu, kozi ni ya muda gani?" Anayeuliza huwa tayari ana jibu moyoni, miezi mitatu, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye mabango mengi mitaani.

Miezi mitatu si uongo. Zipo kazi zinazofundishika kwa muda huo: kuosha na kuseti nywele kwa rola na draya, kusuka mabutu na twende kilioni, kushona wivingi, kusafisha kucha za mikono na miguu, hata kumpamba bibi harusi kwa kiwango cha kuanzia. Binti aliyekua akisuka wenzake barazani kila Jumapili huyamudu hayo mapema zaidi. Ugumu unaanzia kwenye dawa.

Dawa ya kunyoosha nywele ni kemikali kali. Zile zenye magadi makali hufika pH ya 12 na kuendelea, jamii moja na dawa ya kuzibulia sinki. Ndiyo maana chuoni kwetu mwanafunzi hukaa wiki tano kwenye kichwa cha mdoli, akipaka kondishena badala ya dawa, mpaka mkono uzoee. Siku ya kichwa cha kwanza cha mtu nasimama nyuma yake. Anagawa nywele mafungu manne. Anapaka mafuta ya mgando kuzunguka paji, masikio na shingo, anavaa glavu, anaanzia kisogoni ambako nywele mara nyingi ni ngumu, na za pembezoni mwa uso anazimalizia mwisho. Mmoja wao alifanya yote hayo sawasawa. Kisha mteja akasema, "Dada, inaanza kuniwasha." Akamjibu, "Vumilia kidogo, bado haijashika."

Nilimpeleka yule mama kwenye sinki mwenyewe. Dawa ikiwasha inaoshwa, imeshika au haijashika.

Kosa hilo lilionekana palepale. La pili lilikuja wiki nane baadaye, mteja huyohuyo aliporudi kwa retachi, yaani kupakwa dawa nywele zilizoota upya. Nywele mpya zilikuwa zimefika kama sentimita mbili na nusu, na hizo peke yake ndizo zilizohitaji dawa. Mwanafunzi, kwa mazoea ya siku ile ya kwanza, akaivuta dawa hadi nchani, juu ya nywele zilizokwisha kunyooshwa. Tulipoosha, vipande vilibaki kwenye kitana. Hakuna daftari lingemfundisha somo lile kama vipande vile, na hakuna namna ya kulifundisha kabla kichwa hakijarudi.

Sasa piga hesabu. Mwanafunzi wa miezi mitatu anayegusa dawa kwa mara ya kwanza wiki ya sita, mteja wake atarudi wiki ya 14. Kozi imeisha wiki ya 12. Anaondoka na cheti bila kuona kazi yake mwenyewe ilivyokuwa. Rasta nazo ziko hivyohivyo: umevuta mno au hukuvuta, utajua zikifumuliwa, ukiona kingo za nywele zimebaki au zimekimbilia nyuma. Kucha za jeli ni nafuu, zinarudi ndani ya wiki mbili au tatu. Kwa hiyo mzazi akiniuliza miezi, mimi humweleza vichwa vitarudi mara ngapi. Kwa dawa, kozi ya miezi sita humpa mteja wa kurudi mara mbili hivi. Ya mwaka, mara tano.

Jambo jingine ni saa, na hapa watu wengi huuziwa jina. Kozi ya saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki, inatoa saa 360 kwa wiki 12. Kozi ya jioni ya saa tatu, nayo ikitangazwa kuwa "ya miezi mitatu", inatoa 180. Bango ni moja, ada wakati mwingine ni moja, mafunzo ni nusu. Uliza saa kabla ya kulipa. Uliza pia wanafunzi wangapi wanagawana sinki moja, maana saa sita za kusimama nyuma ya wenzako kumi si saa sita za kazi.

Kwa anayetaka njia rasmi hapa Tanzania, kozi ndefu chini ya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, huenda kwa ngazi za Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, ya I hadi ya III, na kwa kawaida kila ngazi huchukua karibu mwaka mmoja pamoja na mafunzo kazini. Ndipo panapopatikana nafasi ya ngozi, usafi wa vifaa, hesabu za saluni na kusoma lebo za vipodozi. Lebo nazisisitiza: haidrokwinoni na zebaki, viambato vya kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na bado krimu zake hupenyezwa saluni kwa saluni. Kenya wana mitihani ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, kuanzia Daraja la III hadi la I.

Wenye ndugu Marekani huambiwa huko mafunzo ni ya saa, na ni kweli. California, tangu 2022, anayepitia shuleni huhitaji saa 1,000 kabla ya mtihani wa leseni ya kosmetolojia, yaani urembo na ususi; zamani zilikuwa 1,600. Texas na New York ni 1,000, Illinois 1,500. Kwa saa 30 za wiki, 1,000 ni wiki 33 na ushee. Kama una mpango wa kuhamia huko, omba chuo kikuandikie masomo uliyosoma na saa za kila somo, kwa mhuri, kabla hujaondoka. Cheti kitupu hakionyeshi saa.

Halafu kuna wale ambao hawahitaji miaka hiyo hata kidogo: wasusi waliojifunzia kazini. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na anayefaulu hutambuliwa kwa alichokijua tayari. Nimeketi na mama mmoja wa aina hiyo kumwandaa, mwenye miaka zaidi ya kumi sokoni. Alisuka twende kilioni mistari imenyooka kama reli, huku akipiga soga. Nilipomuuliza vitana huvisafishaje kati ya mteja na mteja, alicheka, akavifuta kwenye khanga. Tulipanga aje Jumamosi mbili zaidi, kwa ajili ya vitana tu.